Mvua Zilipokwisha: Niliyojifunza Kuhusu Mbu Nyumbani Pemba

Nilizaliwa na kukulia katika kijiji kimoja upande wa Konde, kaskazini mwa Pemba, mahali ambapo nyumba zimekaa juu ya kilima na chini yake limelala bonde la mpunga. Nilipoolewa nilihamia Maskati, na huko nimeishi zaidi ya miaka 10. Kila niliporudi nyumbani sikujihesabu kuwa msafiri. Msafiri, kwa fikra zangu za wakati ule, alikuwa Mzungu anayeshuka uwanja wa ndege na mkoba wake wa dawa. Mimi nilikuwa narudi kwetu. Naandika haya kwa sababu fikra hiyo ilimtia mwanangu hatarini mwezi wa Juni 2022, na kwa sababu nawaona ndugu zangu wengi walioko Uarabuni na Ulaya wakifunga safari za likizo kwa fikra ile ile.

Safari yetu tuliipanga kwa kufuata likizo ya skuli. Nilijua kwamba mvua za masika huanza Machi na kumalizika Mei, kwa hivyo niliona nimechagua vyema: Juni mvua zimepita, upepo wa kusi umeshika, kipupwe kimeingia, njia hazina tope na wakulima wako mabondeni wanavuna. Hesabu yangu ilikuwa ya mvua, haikuwa ya mbu. Tulishukia Dar es Salaam, tukapanda basi hadi Tanga kumsalimu wifi yangu, tukalala kwake siku 4, kisha tukavuka bahari kuingia Pemba.

Usiku wa kwanza kijijini tulikaa barazani tangu baada ya magharibi hadi karibu saa 4, kwa kuwa kila jirani alitaka kuwaona watoto. Walikuwa wamevaa fulana za mikono mifupi na suruali za magotini, na mimi nimejitanda kanga nyepesi juu ya gauni. Tulipoingia kulala, shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuja na chandarua kipya alichokipata kwa kuponi ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akataka kukitundika juu ya kitanda cha watoto. Mdogo akalalamika kwamba atabanwa na pumzi, nami nikamwomba shangazi asijisumbue.

"Hapa ndipo nilipokulia, shangazi. Mbu wa hapa wananijua."

"Wakujue wapi, mwanangu? Wewe sasa ni mgeni, na hawa watoto ni wageni kukushinda wewe. Niache nikitundike."

Sikumpinga, lakini kila usiku watoto walipopitiwa na usingizi nilikikunja chandarua na kukitupia juu ya kamba yake ili wapate hewa. Nilifanya hivyo usiku baada ya usiku, kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku ya 11 tangu tufike Pemba, mwanangu mdogo, wakati huo ana miaka 7, aliamka akikataa uji na kusema kichwa kinamuuma. Jioni mwili ulikuwa wa moto. Nikampa dawa ya homa, akalala, na asubuhi akaamka akicheza na wenzake kama hakuna lililotokea, nikajiambia kwamba ni jua na uchovu wa safari. Usiku wa pili homa ilirudi pamoja na baridi iliyomtetemesha hadi kitanda kikalia. Shangazi alimgusa paji la uso mara moja tu, akasema, "Huyu kukicha apelekwe, na wala usimpe kitu cha kumtuliza tukadanganyika tena." Katika kituo cha afya walimtoboa kidole, wakachukua tone la damu, wakaliweka kwenye kipimo cha haraka, na kabla ya nusu saa kupita mistari miwili ilikuwa imetokea. Ilikuwa malaria. Alipewa dawa mseto ya siku 3 kulingana na uzito wake, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu siku ya tatu alikuwa anaomba chakula.

Nikipima makosa yangu yote, lile la siku 2 nilizopoteza nikimtuliza homa naliona kubwa kuliko la chandarua. Malaria inayotawala kwetu, ile ya kimelea kiitwacho falsiparamu, inaweza kumgeuza mtoto asiye na kinga kutoka homa ya kawaida hadi kupoteza fahamu katika muda wa siku moja au mbili. Homa kushuka asubuhi hakuna maana yoyote. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo: hupanda na kushuka, na dawa ya homa huficha ile alama pekee uliyonayo.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani kwa pikipiki afisa wa wilaya anayefuatilia wagonjwa wa malaria. Sikujua kwamba Zanzibar kila mgonjwa mmoja hufuatiliwa hadi mlangoni. Aliwapima watu wote wa nyumba, akakuta hakuna mwingine aliyeambukizwa, akakagua vyandarua, kisha akaniuliza kwa upole tumelala wapi katika mwezi uliopita. Nilipotaja Tanga, aliandika. Hakusema kwamba tuliupata huko, na hata sasa siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma mwanangu alikuwa wa Tanga au wa bondeni kwetu. Alichonieleza ni kwamba Visiwani malaria imeshuka sana tangu dawa mseto ilipoanza kutumika mwaka 2003 na tangu vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa kuta vilipoenea kuanzia 2006, hata ikafika chini ya mtu 1 katika kila 100, na kwamba wengi wanaougua siku hizi wana safari ya bara nyuma yao. Nilikuwa nimejiandaa kwa Pemba tu, na hata kwa Pemba sikujiandaa.

Kisha alinifafanulia jambo ambalo natamani ningelijua kabla ya kununua tiketi. Mvua kubwa yenyewe husomba viluwiluwi na kuvitupa. Hatari huanza inapopungua, madimbwi yakabaki na jua likayapasha moto. Yai la mbu huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Mbu huyo lazima kwanza amuume mtu mwenye vimelea, na vimelea hivyo vinahitaji siku 10 hadi 14 tumboni mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Anayeumwa naye hukaa wiki moja, mbili au zaidi ndipo aone homa. Jumlisha siku hizo zote na utaona kwamba wagonjwa huongezeka pale mbingu inapokuwa imetakata, yaani kuanzia Mei hadi Julai baada ya masika, na mara nyingine, kwa kiasi kidogo zaidi, kuanzia Disemba hadi Februari baada ya vuli. Juni niliyoichagua kwa ajili ya ukavu wake ndiyo iliyokuwa kileleni. Pemba nako, kwa sababu ya mvua zake nyingi, vilima vyake na mabonde yake ya mpunga, maji husimama kwa muda mrefu kuliko sehemu kubwa ya Unguja, ambako mawe ya matumbawe huyanywa upesi.

Nilimuuliza mbona mimi nilikua katika bonde lile lile na nikasalimika. Akanijibu kwamba sikusalimika, niliugua mara nyingi utotoni, na pengine nimesahau. Alisema kweli, nakumbuka uchungu wa klorokwini mdomoni na mwasho wake mwilini, dawa ambayo leo haitumiki tena kwa sababu vimelea vya kwetu vimeizoea. Kinga niliyoipata kwa kuugua mara kwa mara ni kinga ya kuazima: hudumu kwa muda ule unaoendelea kuumwa na mbu wenye vimelea, na ukikaa nje miaka michache hupungua hata usiweze kuitegemea tena. Watoto waliozaliwa Maskati hawakuwa nayo hata siku moja. Tena hata watoto wa Pemba wa leo, kwa kuwa malaria imepungua, hawana kinga waliyokuwa nayo wazee wao, na ndiyo maana kijana wa Wete anayekwenda kutafuta kazi bara naye anapaswa kujihesabu kuwa msafiri.

Tulirudi tena Januari 2024. Vuli iliyotangulia ilikuwa ya El Niño, yenye mvua nyingi kupita kawaida katika Afrika Mashariki, na wagonjwa wa malaria walikuwa wameongezeka Visiwani, kwa hivyo safari hii nilianza na daktari wiki 5 kabla ya kuondoka. Alituandikia vidonge vya kinga vya atovakwoni na proguanili, vinavyonywewa kila siku pamoja na chakula, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya safari, siku zote za kukaa huko, na siku 7 baada ya kurudi. Ipo pia doksisaiklini, ambayo hunywewa kila siku na kuendelea kwa wiki 4 baada ya safari, lakini kwa kawaida hawapewi watoto walio chini ya miaka 8 wala wajawazito. Na ipo mefloquini ya mara moja kwa wiki, ambayo huanzwa wiki 2 au 3 kabla na haimfai mtu mwenye historia ya kifafa au maradhi ya akili. Uamuzi wa ipi inakufaa ni wa daktari anayekujua, si wa jirani aliyebakiwa na vidonge kabatini. Daktari alisisitiza pia kwamba hakuna kidonge kinachozuia kuumwa, na kwamba wapo mbu wanaobeba maradhi mengine ambayo vidonge hivi haviyagusi.

Dawa ya kupaka nilidhani ni jambo jepesi, kumbe nayo ina elimu yake. Nilikuwa nikiamini kwamba asilimia iliyoandikwa juu ya chupa inaonesha ukali, kumbe inaonesha zaidi muda: DEET, kemikali ya kufukuza mbu, ikiwa ya asilimia 20 hadi 30 hukulinda kwa saa kadhaa, na ile ya asilimia 10 utairudia mapema, labda baada ya saa 2. Pikaridini ya asilimia 20 hufanya kazi karibu sawa na DEET, haina harufu kali na haiharibu plastiki, na ndiyo niliyoichagua kwa watoto. Mtoto asipakwe viganjani, kwa kuwa vidole vyake huishia machoni na mdomoni. Ukitumia mafuta ya kukinga jua, yatangulie hayo, yakauke, kisha ndipo dawa ya mbu. Na ukitoka baharini au ukitoa jasho jingi, paka upya hata kama saa hazijatimia. Nasikitika kusema kwamba mafuta ya mchaichai, ambayo mimi binafsi nayapenda kwa harufu yake, huisha nguvu upesi mno, na kwamba vitunguu thaumu, vidonge vya vitamini na vile vifaa vya kutoa sauti havimzuii mbu kabisa. Moshi wa makumbi ya nazi na kivumbasi anaouwasha shangazi uwani hupunguza mbu kidogo wakati unafuka. Siudharau, lakini simlazi mtoto kwa kuutegemea.

Chandarua safari hii nilikitundika mwenyewe. Kiwe na dawa, kisiwe na tundu hata la kupita kidole, kishushwe kabla jua halijazama ili mbu asijifungie ndani pamoja na wewe, na pindo lake lichomekwe chini ya godoro pande zote. Kiwe kipana pia, kwani mtoto akilala mkono umegandamana na chandarua, mbu humuuma kupitia vitundu vyake. Kuhusu mtoto kusema anabanwa na pumzi, nilichofanya ni kumwekea feni upande wa miguuni. Upepo wa feni ulimridhisha, na mbu, ambaye ni kiumbe dhaifu wa kuruka, hautaki.

Bado kulikuwa na saa za barazani, na hapo ndipo chandarua kisipoweza kumsaidia mtu. Tangu kuta zilipoanza kupuliziwa dawa, mbu wa malaria wanaoonekana sana Visiwani ni wale walio tayari kuuma nje na mapema usiku, wasiongoje watu waingie vyumbani. Sikuwazuia watoto kukaa na wazee wao, kwa sababu hicho ndicho kilichotuleta. Niliwavisha suruali ndefu pana, mashati ya mikono mirefu ya rangi nyepesi na soksi, nguo nilizokuwa nimezinyunyizia permethrini, dawa ya wadudu ya kutia kwenye nguo, kule Maskati na kuziacha zikauke, kisha nikawapaka dawa sehemu zilizobaki wazi. Nguo ya kubana haisaidii, mbu hupenyeza mdomo wake. Shangazi aliwatazama akasema, "Sasa hawa wamevaa kama watu wanaojua waendako."

Niliamini kwamba nimemaliza somo, hadi tulipokwenda kukaa wiki moja kwa dada yangu Mji Mkongwe. Ilikuwa kaskazi, joto na ukavu, hakuna dimbwi hata moja kichochoroni, na hata hivyo tuliumwa mchana kweupe, hasa saa 2 asubuhi na tena saa 11 jioni, kwenye vifundo vya miguu, na mbu mdogo mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni. Huyu ni Aedes, naye hana haja na bonde la mpunga. Hutaga katika maji safi tunayoyaweka wenyewe: pipa lisilofunikwa, dumu lililokatwa, kisahani cha chungu cha maua, kifuu cha nazi, mpira wa gari uliotupwa. Wakati wa kiangazi maji ya mfereji hutoka kwa zamu na kila nyumba huweka akiba, kwa hivyo mtu anaweza kumfuga mbu huyu mwaka mzima bila ya tone la mvua. Mayai yake hung'ang'ania ukutani mwa pipa juu ya usawa wa maji na huvumilia ukavu kwa miezi, ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Tulilisugua kila pipa kwa brashi mara moja kwa wiki na kulifunika. Dada yangu alinishukuru kwa kazi hiyo kuliko kwa zawadi zote nilizomletea.

Bi mkubwa mmoja jirani yake alipotuona tunasugua alisema tunafanya vizuri, tusije tukapata kidingapopo. Jina hilo ni la zamani sana katika mji ule. Mwaka 1870 homa ya maumivu ya viungo ilienea Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kwamba watu waliiita kidinga pepo na kwamba wazee waliukumbuka ugonjwa kama huo wa mwaka 1823. Wataalamu wengi wa leo wanadhani kwamba maradhi yale yalikuwa chikungunya, ambayo jina lake limetoka kwa Wamakonde baada ya mlipuko wa 1952 na 1953, lakini sisi leo kidingapopo tunaiita dengi, iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Yote mawili huletwa na mbu huyo huyo wa mchana, na vidonge vya malaria havizuii hata moja. Mwenye homa inayodhaniwa kuwa dengi asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Apewe parasetamoli, maji ya kutosha, na apelekwe kupimwa.

Yuko na wa tatu, yule anayelia sikioni usiku wa manane, ambaye hutaga katika maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro. Msafiri wa wiki mbili hana haja ya kumwogopa sana, kwa sababu matende na mabusha anayoyaeneza huhitaji kuumwa mara nyingi kwa muda mrefu. Namtaja kwa ajili ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako katika miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki kwenye vyoo vya shimo, zikaelea na kufunika maji hata viluwiluwi vikakosa pumzi, huku wananchi wakipewa dawa ya kuua vimelea, na maambukizo yakashuka sana. Ndugu wa mume wangu wa huko walikuwa wakizungumza habari za punje hizo walipotutembelea, na nilifurahi kusikia kwamba elimu hii haikuletwa yote na watu wenye mikoba ya dawa. Nyingine ilipatikana vyooni mwetu wenyewe.

Tulirudi Maskati mwanzoni mwa Februari. Niliandika juu ya mlango wa friji tarehe ya kidonge cha mwisho, tukavimaliza vyote 7 vya baada ya safari, ingawa mkubwa alikuwa na hamu ya kuacha siku ya pili. Mwezi wa Machi yule mdogo alipata homa usiku. Inawezekana malaria ya falsiparamu ijitokeze hata miezi 3 baada ya safari, na kwa nadra zaidi ya hapo, hata kwa mtu aliyekunywa kinga, kwa hivyo sikumpa dawa ya homa nikangoja kukicha. Saa 5 usiku tulikuwa hospitali. Daktari alianza kumtazama koo, nami kabla hajauliza lolote nikamwambia, "Tumetoka Pemba wiki 5 zilizopita, naomba apimwe malaria sasa hivi." Walichukua damu, tukakaa kwenye viti vya ukumbini, yeye kaniegemea begani, na majibu yalipokuja yalikuwa safi, lilikuwa koo tu. Nilimpigia shangazi alfajiri ile ile kumweleza. Aliniuliza kwanza kama mtoto alikuwa amelala ndani ya chandarua, nikamwambia Maskati nyumbani kwetu hatuna, akanyamaza kidogo, kisha akasema atanihifadhia kile cha kwake mpaka tutakaporudi.